Mama anabanwa misuli ya miguu usiku: tiba gani ya nyumbani inasaidia kweli?

Binti wa Makorora (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau, na wengine habari za muda huu.

Niko Makorora, Tanga mjini. Naomba msaada kwa ajili ya mama yangu, ana miaka 68. Akishapitiwa na usingizi, kwenye saa nane au saa tisa za usiku, anashtuka shavu la mguu limekaza. Ukiligusa unakuta fundo kabisa, na vidole vinajipinda kwenda chini vyenyewe. Kupiga hatua hawezi, kukunja goti hawezi, anapiga ukelele nyumba nzima inaamka. Baada ya dakika kadhaa linaachia, lakini kesho yake anachechemea mpaka adhuhuri.

Ana presha na anatumia vidonge, miaka sasa. Kisukari alipimwa, hana. Mguu hauvimbi. Ilikuwa inamjia mara mojamoja, ila tangu kaskazi ianze na joto lake imekuwa karibu kila wiki.

Hapa nyumbani ushauri ndio hauishi. Jirani kasema aloweke miguu kwenye maji ya moto na chumvi ya mawe. Shangazi kasema hiyo ni baridi yabisi, achuliwe kwa mafuta ya mnyonyo. Mjomba naye kaja na vidonge vya kwinini alivyokuwa navyo kabatini, anasema enzi zao ndiyo ilikuwa dawa yake. Hivyo vidonge sijampa bado. Nawasubiri waliopitia hili, siyo wanaohisi.

Kijana wa Sahare

Ngoja waje wajuvi. Babu yangu alikuwa anasema hilo ni jini la baharini linakuvuta mguu likupeleke kwao.

Shangazi Mnazi

Wewe kijana, majini utayataja mchana. Watu wanaulizia dawa hapa.

Binti, mpe pole sana mama. Mie nina umri wa kukaribiana naye na hilo jambo nalijua. Mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe, yale yaliyopikwa mpaka tui likakauka, weka kwenye kibakuli, kibakuli kiweke ndani ya maji ya moto, yakipata uvuguvugu mchue. Anza kwenye kisigino panda kuelekea nyuma ya goti, usishuke. Tumia kiganja, usitumie vidole, maana ukimbonyeza penye fundo kwa dole gumba atakupiga kofi. Ukitaka, tia tone la mafuta ya karafuu. Nasema tone, tena ndani ya mafuta ya nazi yenyewe, usije ukampaka karafuu kavu kavu ukamuunguza ngozi. Mafuta ya mnyonyo nayo hayana neno, ila yanang'ang'ania shukani na harufu yake wengine hatuiwezi.

Kwinini mpe pole mjomba, arudi nayo.

Tiba Asili Orijino

Tatizo la mama limepata ufumbuzi. Tuna dawa ya unga inatibu misuli, presha, kisukari, uzazi, nguvu za kiume na kumrudisha mpenzi aliyeondoka. Nicheki kwa namba iliyopo kwenye wasifu wangu.

Kijana wa Sahare

Mpenzi arudi saa tisa usiku akukute umeshika mguu unalia?

Fundi Spoki

Dada Binti, mafuta na chumvi ni mambo ya baadaye. Mguu ukishakamata, kinachouachisha ni kuuvuta ule msuli upande wa pili. Basi. Umewahi kukaa uwanja wa Mkwakwani, mpira uko dakika ya themanini na kitu? Mchezaji akianguka kashika kigimbi, hata wa timu ya pili anamkimbilia, anamnyoosha goti, anausukuma unyayo urudi kwa juu. Hakuna anayemletea ndizi pale.

Kwa mama fanyeni hivi. Kanga moja ilale karibu na mto, imekunjwa kwa urefu. Mguu ukikamata, akae palepale kitandani, mguu aunyooshe mbele, goti lisipinde. Kanga aipitishe chini ya unyayo pale vidole vinapoanzia, siyo katikati ya unyayo. Ashike ncha zote mbili, avute kuja kwake polepole mpaka vidole vitazame usoni pake. Asivute kwa kushtua. Sekunde za mwanzo maumivu yatapanda, na hapo ndipo wengi wanapoachia. Asiachie. Ashikilie huku anapumua, atahisi lile fundo linalegea lenyewe, halafu ndiyo apunguze kuvuta kidogo kidogo. Akiachia ghafla linarudi.

Mwenye nguvu zake anaweza kusimama: viganja ukutani, mguu unaouma ubaki nyuma, kisigino kigote sakafuni, halafu anaegemea mbele. Ila kwa mtu wa umri wa mama, usiku, taa imezimwa, umeme wenyewe ndio huu wetu, asikurupuke kusimama peke yake. Ataanguka, na nyonga ikivunjika mtasahau habari ya misuli.

Kitu ambacho hatakiwi kufanya ni kuvinyoosha vidole kwenda chini. Wengi wakipatwa wanajinyoosha vile mtu anavyojinyoosha asubuhi, mguu mzima unaelekea chini, na ndivyo wanavyoliita. Hata mie baiskeli ikinichosha, nimetoka Pongwe na mzigo, nikijinyoosha vibaya kitandani tu linakuja.

Binti wa Makorora

Fundi, asante. Hilo la vidole kuelekea chini ndivyo anavyofanya kabisa, anajisukuma kwenye ubao wa kitanda akidhani anaunyoosha. Leo namwekea kanga. Na ya kuzuia isije kabisa je?

Mtu wa Duka la Dawa

Nafanya kazi duka la dawa hapa Chumbageni, nitasema ninayoyaona kwenye kaunta kila siku.

Vidonge vya mjomba viondoe nyumbani kwanza. Siyo kwamba mjomba anadanganya. Kwinini imetumika kwa tatizo hili miaka mingi duniani, na majaribio yaliyofanywa yanaonyesha inapunguza kubanwa, kwa kiasi cha wastani. Shida ni bei yake mwilini. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, inaweza kushusha zile chembe zinazogandisha damu mpaka mtu avuje damu ndani, na kwa wachache imeua. Marekani walizuia kuuzwa bila cheti cha daktari kwa ajili ya misuli mwaka 1994, na 2006 wakatoa onyo kali zaidi na kuziondoa sokoni zile ambazo hazikuwa na kibali. Uingereza daktari bado anaweza kuiandika, lakini pale ambapo njia nyingine zimeshindikana, usingizi umeharibika kabisa, na mgonjwa anafuatiliwa. Sasa mama wa miaka 68, ana presha, vidonge vya kabatini visivyojulikana vimekaa muda gani? Hapana.

Halafu niambie, presha anatumia kidonge gani? Angalia kama kuna dawa ya kukojoza, ile inayoandikwa HCTZ kwenye karatasi, au furosemaidi. Dawa za kukojoza zinatoa maji na chumvi za mwili kwa njia ya mkojo. Kuna utafiti wa Kanada uliochapishwa 2012, walipekua kumbukumbu za dawa za wazee wakakuta walioanzishiwa baadhi ya dawa za kukojoza, na wanaotumia zile za pumu za kuvuta zinazokaa muda mrefu, ndio waliokuja kuandikiwa kwinini ya misuli zaidi baadaye. Lakini tusielewane vibaya: asiache kidonge cha presha kwa sababu ya maneno yangu. Kiharusi hakina tiba ya nyumbani. Abebe mapakiti yenyewe ya dawa, siyo kuhadithia "kile cheupe kidogo", aende navyo kliniki, aseme usiku nabanwa misuli. Waulizwe kama inafaa kupima potasiamu na figo.

Kuhusu kaskazi, hujakosea kuliona hilo. Kanada hiyohiyo, 2015, walitazama ni miezi gani watu wanaanzishiwa dawa ya kubanwa misuli usiku, ikaonekana katikati ya kiangazi chao ni karibu mara mbili ya katikati ya baridi. Kwa nini joto lifanye hivyo bado ni mjadala. Jasho ni jibu jepesi, lakini wazee wengi wanaobanwa usiku ukiwapima damu chumvi zao ziko sawa tu.

Shangazi Mnazi

Alhamdulillah, kumbe na watu wa kaunta tunao humu. Haya, ya kuzuia hujaisema.

Mtu wa Duka la Dawa

Shikamoo Shangazi, nilikuwa nahudumia mteja.

Ya kuzuia yenye ushahidi kidogo ni ileile ya Fundi, ila unaifanya kabla ya kulala. Uholanzi mwaka 2012 walichukua watu 80 wenye zaidi ya miaka 55 wanaobanwa usiku, nusu wakafundishwa kunyoosha misuli ya kigimbi na ya nyuma ya paja kila usiku wanapokwenda kulala, kwa wiki 6. Waliofanya walibanwa mara chache zaidi, na walipobanwa maumivu yalikuwa madogo kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo, lakini hauna madhara na hauna bei.

Ukutani: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma umenyooka, kisigino chini, egemea mpaka uhisi kuvutika bila kuuma, shikilia kwa muda wa kuhesabu taratibu mpaka kumi, pumzika, rudia mara tatu, badilisha mguu. Halafu ya paja: akae ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja juu ya kitanda umenyooka, ainame mbele mgongo ukiwa umenyooka. Dakika chache jambo limekwisha. Akishaswali Isha anafanya, analala.

Mama wa Usagara

Naongeza kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Chandarua. Sisi tunachomeka chandarua chini ya godoro, tunakikaza sana upande wa miguuni. Ukilala chali, kile chandarua pamoja na shuka vinasukuma vidole kwenda chini usiku kucha. Mguu uko katika ule mkao wa kukamata tangu saa nne. Upande wa miguuni niliacha nafasi, chandarua kinaning'inia pembeni kisha ndiyo nakichomeka, mbu hapati njia lakini miguu ina uhuru. Nilifundishwa na muuguzi nikiwa na mimba, na kweli ilipungua.

Aliyezoea kulala kifudifudi naye, miguu ining'inie nje ya godoro, isikunjwe chini.

Mjamzito Raskazone

Mama wa Usagara umenigusa. Mimi nina miezi saba na nabanwa usiku hatari. Hizi dawa za kuchua na maji ya moto na mimi zinanifaa? Mama mkwe ananiletea mizizi ya kuchemsha.

Mtu wa Duka la Dawa

Dada, kubanwa misuli miezi ya kati na ya mwisho ya ujauzito ni kawaida sana. Kunyoosha kwa kanga, sawa. Kuchuliwa kwa mikono laini, sawa. Mizizi ya kuchemsha mrudishie mama mkwe kwa heshima zake, umwambie umekatazwa kliniki, na kliniki ukawaambie ili usiwe umedanganya. Kwinini usiiguse kwa ajili ya misuli.

Moja ulishike: mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa na joto, ngozi ikabadilika rangi, na maumivu hayaachii baada ya dakika kama yanavyoachia ya misuli, usichuliwe na mtu yeyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa, na mwenye mimba yuko kwenye hatari zaidi ya hilo. Ukichuliwa, lile donge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu. Na hili ni kwa wote, siyo wajawazito tu.

Mzee wa Korona

Vijana, nimewasoma. Mimi nimefanya kazi ya katani nikiwa kijana, upande wa Muheza, kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, pale panapolishwa majani ya mkonge. Kusimama sehemu moja, sakafu imelowa, kutwa. Usiku kambini ungesikia watu wanaita mama zao, misuli. Dawa yetu ilikuwa kuitana: wewe unamkanyagia mwenzako unyayo urudi juu. Hatukujua utafiti wa Uholanzi.

Kuhusu kwinini, mjomba wa Binti msimseme vibaya. Kwa sisi watu wa Tanga ile ni dawa ya nyumbani kwa maana ya kwamba ilikuwa inaota huko juu. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani, milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902, na kati ya miti waliyopanda kulikuwa na mikwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari na meli za Ujerumani zikawa haziji kama kawaida, kwinini nyingi ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, ilitokana na magome ya huko. Walipokuwa porini na hakuna mashine, yalichemshwa wakayanywa maji yake, machungu ajabu, wazungu wakayapa jina la kilevi kwa mzaha. Kwa hiyo ikakaa kwenye vichwa vya wazee kwamba kwinini ni dawa ya kila kitu. Ilikuwa dawa ya malaria. Kwa misuli, namuunga mkono mtu wa duka.

Kijana wa Sahare

Mzee shikamoo. Kwa hiyo Novemba 1914, kwenye vita vya Tanga, pale mjini Mwingereza alipigwa na watu wenye masikio yanayolia kwa kwinini?

Mzee wa Korona

Marahaba. Novemba 1914 dawa za dukani zilikuwepo bado. Na Mwingereza aliongezewa na nyuki waliowauma askari wake. Hilo ni la uzi mwingine.

Nahodha Kigombe

Sisi wa baharini tuna yetu, mtacheka. Achari. Mtu akikazwa na msuli chomboni, hasa usiku wa kuvuta nyavu, anapewa maji ya achari ya ndimu funda moja, yale makali ya chini ya chupa, chumvi na pilipili. Linaachia kabla hajamaliza kukunja uso. Wengine wanasema ni chumvi inarudi mwilini.

Mwalimu wa Sayansi

Nahodha, hakuna wa kukucheka. Mwaka 2010 kuna watafiti Marekani waliwakaza watu msuli wa kidole gumba cha mguu kwa umeme, kisha wengine wakawapa maji, wengine maji ya matango yaliyolowekwa kwenye siki na chumvi, ambayo ndiyo achari yao. Wa siki msuli uliachia mapema zaidi, tena kwa muda ambao ile chumvi isingewahi kufika kwenye damu, achilia mbali kufika mguuni. Maelezo wanayoyapa ni kwamba ukali ule unagutusha neva za mdomoni na kooni, na habari inakwenda kwenye uti wa mgongo kuzituliza neva zinazoufyatua msuli. Mwaka 2022 wakaja na jaribio jingine kwa wagonjwa wa ini lililosinyaa, ambao wanabanwa misuli sana, na funda la maji hayo lilipunguza ukali wa maumivu.

Kwa hiyo funda, siyo kikombe. Na kwa mama wa Binti mwenye presha, mimi ningeiacha achari kwenye wali. Chumvi ile kila usiku haitamfaa.

Kwa kuwa nimeshaingia, niseme na kuhusu ndizi, maana naona zinakuja. Ndizi na dafu vina potasiamu nyingi, kweli. Mtu ambaye potasiamu yake imeshuka atafaidika. Lakini kwa mwenye potasiamu ya kawaida hakuna ushahidi wa maana kwamba mkungu mzima utamzuia asibanwe. Halafu mwenye figo mbovu, ndizi na madafu kwa wingi vinaweza kumpandishia potasiamu mpaka moyo ukasimama. Watu wanasema dafu halina madhara kwa sababu linatoka mtini.

Shangazi Mnazi

Mwalimu, dafu utaniachia. Figo zangu nzima.

Mwalimu wa Sayansi

Kunywa Shangazi, kunywa. Nasema wa figo.

Dada wa Bagamoyo

Salamu kutoka Bagamoyo. Mimi dada yangu aliyeko ughaibuni alinitumia vidonge vya magnesiamu kwa tatizo hili, bei yake si ndogo. Na akaniambia huko kuna watu wanaweka kipande cha sabuni chini ya shuka miguuni. Mnasemaje?

Mtu wa Duka la Dawa

Sabuni itanukisha shuka vizuri. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Magnesiamu imefanyiwa majaribio mengi, na mapitio ya 2020 yaliyoyakusanya yalihitimisha kwamba kwa watu wazima wenye umri mkubwa haielekei kuzuia kubanwa kwa kiasi cha kuhisi. Kwa wajawazito matokeo yanapingana. Isitoshe inaharisha, na wenye figo dhaifu wasiitumie hovyo. Kama umeshanunua, muulize daktari wako kabla ya kumaliza chupa. Mimi nauza dawa na ninakwambia usinunue nyingine.

Ipo pia vitamini K2, 2024 Wachina walijaribu kwa watu 199 wenye miaka 65 na kuendelea, wiki 8, na waliotumia walibanwa mara chache sana kuliko waliopewa vidonge bandia. Ni jaribio moja, tusubiri mengine. Na anayetumia wofarini ya kuzuia damu kuganda asiiguse bila daktari, vitamini K inaipinga hiyo dawa.

Fundi Spoki

Kuhusu maji ya moto, mbona yamepita bila neno? Mie naona yanasaidia baada ya msuli kuachia, ule uchungu wa kesho yake. Unakanda na kitambaa dakika kadhaa, mguu unalegea.

Mtu wa Duka la Dawa

Yanasaidia kwa hilo, sawa kabisa. Ila mwenye kisukari na ganzi miguuni asiloweke. Hasikii moto. Nimeona nyayo zilizobabuka kwa maji ambayo mwenyewe alikuwa anasema ni ya uvuguvugu. Mtu mwingine mwenye mkono mzima ayajaribu kwa kiwiko kwanza.

Maalim wa Pangani

Ramadhani nayo mngeigusa. Msimu huu wa joto mtu amefunga kutwa, anafuturu, anasimama tarawehe, halafu usiku msuli unamkamata. Nashauri waumini wagawe maji kuanzia futari mpaka daku, wasisubiri kuyanywa yote daku. Na anayeswali amevaa viatu vya kukaza siku nzima dukani, avivue mapema, anyooshe miguu kabla ya kupanga safu. Mgonjwa wa presha anayetumia dawa ya kukojoza azungumze na daktari wake kabla ya kufunga, ruhusa ipo kwenye dini kwa mgonjwa, asijitese.

Binti wa Makorora

Wadau nimerudi, samahanini kwa kukawia, kulikuwa na msiba kwa majirani.

Kanga imefanya kazi. Usiku wa kwanza alivuta akaachia mapema, likarudi, tukamkalisha tena akavuta hadi mwisho. Sasa anaivuta mwenyewe gizani bila kuniita, nasikia tu godoro linalia. Kunyoosha kwa ukutani kabla ya kulala alikataa mwanzoni, akasema mazoezi ni ya watoto wa shule. Nikamwambia Fundi wa baiskeli kasema. Akauliza fundi gani, nikamwambia wa Ngamiani, akakubali. Sijui kwa nini jina la Ngamiani lina nguvu kuliko langu. Chandarua nimekilegeza miguuni.

Kliniki tulikwenda na mapakiti. Ndani yake ipo HCTZ. Walimpima damu, potasiamu ikakutwa imeshuka kidogo chini ya kawaida, daktari akambadilishia kidonge na kutupa tarehe ya kurudi kupima tena. Presha iko vizuri. Vidonge vya mjomba nilivipeleka duka la dawa wakavichukua wao kuviteketeza, mjomba kanuna.

Hajapona kabisa. Juzi lilimkamata. Ila siyo kama mwanzo, na kesho yake alitembea vizuri tu.

Mwalimu wa Sayansi

Hongera Binti. Umebadilisha vitu vingi kwa mpigo, kidonge, chandarua, mazoezi, kwa hiyo hatutajua kipi kilichofanya kazi. Na huenda hata kaskazi ikiisha ingepungua yenyewe. Kwa mama haina maana, muhimu analala. Kwa anayesoma uzi huu akidhani kajua dawa, aanze na kanga, asianze na kubadilisha vidonge.

Shangazi Mnazi

Na mafuta yangu ya nazi mmeyafukia.

Binti wa Makorora

Shangazi hayajafukiwa. Namchua kila jioni, ndiyo anapenda kuliko yote. Anasema mazoezi ni ya miguu, mafuta ni yake yeye.

Mpwa wa Deep Sea

Samahani kwa kudandia uzi. Mjomba wangu anabeba samaki pale soko la samaki la Deep Sea. Yeye hapatwi usiku. Akitembea mwendo kidogo tu vigimbi vinamkaza vyote viwili, akisimama dakika mbili tatu vinaachia, akianza tena vinakaza palepale kwenye umbali uleule. Hiyo kanga itamsaidia?

Mtu wa Duka la Dawa

Hapana, hiyo ni habari nyingine. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kusimama mara nyingi ni mishipa ya damu ya miguuni imekuwa myembamba, damu haifiki ya kutosha msuli ukifanya kazi. Anavuta sigara? Ana kisukari au presha?

Mpwa wa Deep Sea

Anavuta tangu ujana. Kisukari hajawahi kupima.

Mtu wa Duka la Dawa

Basi wiki hii aende, asisubiri. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu: wapime sukari na presha, wamguse mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani, miguu yote miwili. Daktari anayejua kazi yake atalinganisha presha ya mguuni na ya mkononi. Mkague na vidole, kama kuna kidonda kisichopona au kidole kimebadilika rangi, hapo msipite kituo cha afya, nendeni hospitali moja kwa moja. Na mtu yeyote asimchue.

Mpwa wa Deep Sea

Kuna kidonda kidogo pembeni ya kidole cha mwisho. Alisema ni mwiba wa pono.

Mtu wa Duka la Dawa

Tangu lini?

Mpwa wa Deep Sea

Tangu kabla ya mfungo. Nampeleka asubuhi.